Maoni ya Ushauri ya ICJ: Je, Huduma Hii Inamfaa Mteja Mdogo Kama Vanuatu?

Huduma tunayoipima hapa haiuzwi dukani, na mtu binafsi hawezi kuiagiza. Ni maoni ya ushauri yanayotolewa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ICJ, yenye makao yake Kasri la Amani mjini The Hague. Tumeichunguza kupitia Vanuatu, nchi ya visiwa 80 na ushei katika Pasifiki ya Kusini, yenye watu wapatao 300,000. Mwaka 2023 nchi hiyo iliufanya Umoja wa Mataifa wote uiulize Mahakama dola zina wajibu gani kisheria katika kulinda tabianchi, na nini kinaifuata dola inayosababisha madhara. Jibu lilisomwa tarehe 23 Julai 2025, na majaji walilitoa kwa kauli moja.

Kwa anayetaka hukumu yetu mapema: ni huduma nzuri, bure mlangoni, ghali njiani, na haimfai anayetaka kulipwa pesa mwaka huu. Inamfaa anayetaka kubadilisha mazungumzo yanayoendeshwa bila yeye kusikilizwa. Wasomaji tunaowaandikia ni watu wa wizara za mambo ya nje, vyama vya mawakili na mashirika ya haki za binadamu, kwa hiyo tutakaa zaidi kwenye utaratibu na pale panapoharibika.

Nani anaruhusiwa kuagiza

Kosa la kwanza la wengi ni kudhani kwamba nchi inaweza kufunga safari hadi The Hague ikaomba ushauri. Haiwezi. Ibara ya 96 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inatoa ruhusa hiyo kwa Baraza Kuu na Baraza la Usalama. Vyombo vingine vya Umoja na mashirika yake maalumu vinaweza kuuliza vikiidhinishwa na Baraza Kuu, lakini kwa mambo yanayohusu kazi zao tu. Shirika la Afya Duniani lilikwama hapo. Mwaka 1993 liliuliza kama matumizi ya silaha za nyuklia yanavunja sheria ya kimataifa. Tarehe 8 Julai 1996 Mahakama ikakataa kujibu, kwa kuwa uhalali wa silaha si kazi ya shirika la afya. Siku hiyo hiyo ilijibu swali la namna hiyo lililotumwa na Baraza Kuu. Mada ile ile, mwombaji tofauti, na faili moja likarudishwa tupu.

Kwa nchi ndogo basi njia halisi ni Baraza Kuu, na maana yake ni kutafuta kura. Hapa kuna habari njema ambayo wanadiplomasia wapya huwa hawaijui: ombi la ushauri limekuwa likipitishwa kwa wingi wa kawaida wa kura za waliopo na kupiga kura, na wanaojizuia hawahesabiwi. Mauritius ilipopeleka suala la visiwa vya Chagos, ambavyo ilikuwa ikividai kutoka Uingereza, azimio 71/292 la tarehe 22 Juni 2017 lilipita kwa kura 94 dhidi ya 15, huku nchi 65 zikijizuia. Ukijumlisha waliokataa na waliojizuia unapata karibu nusu ya waliohudhuria, lakini Mahakama ilipokea swali na kulijibu.

Kushinda kura ni jambo moja, na kupata jibu lenye uzito ni jingine. Vanuatu ililielewa hilo, ndiyo maana haikutaka kura kabisa. Ilitaka makubaliano ya wote.

Walivyoagiza

Palau ilishajaribu. Mwaka 2011 rais wake, Johnson Toribiong, alisimama mbele ya Baraza Kuu akatangaza kwamba nchi yake, pamoja na Visiwa vya Marshall, itaomba ushauri wa ICJ kuhusu madhara ya gesi joto yanayovuka mipaka. Wazo halikufika hata kwenye kura. Sababu zinajulikana: waliounga mkono walikuwa wachache, nchi kubwa hazikutaka kusikia, na nchi zote mbili zina mikataba ya ushirika na Marekani ambayo huduma zao nyingi za umma zinaitegemea. Ukiwa na tegemeo kama hilo, simu moja kutoka Washington ina uzito kuliko hotuba nzuri.

Vanuatu ilianza upande mwingine. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, kampasi ya Emalus mjini Port Vila, waliwaandikia viongozi wa visiwa vya Pasifiki wakiwataka wapeleke suala hili Mahakamani. Miongoni mwao alikuwa Cynthia Houniuhi wa Visiwa vya Solomon, aliyekuja kuongoza umoja wao. Serikali ya Vanuatu ilisikiliza, na Septemba 2021 ikatangaza rasmi kwamba italibeba. Julai 2022 viongozi wa Jukwaa la Visiwa vya Pasifiki waliokutana Suva wakaunga mkono. Kufikia hapo ilikuwa bado ni jambo la jirani na jirani.

Kilicholiondoa Pasifiki ni kundi la nchi 18 lililoundwa kuandika azimio. Majina yake yanafaa kusomwa taratibu, kwa sababu ndiyo kiini cha mkakati wote: Angola, Antigua na Barbuda, Bangladesh, Costa Rica, Mikronesia, Ujerumani, Liechtenstein, Moroko, Msumbiji, New Zealand, Ureno, Romania, Samoa, Sierra Leone, Singapore, Uganda, Vanuatu na Vietnam. Kanda zote tano za Umoja wa Mataifa zimo. Imo nchi tajiri yenye viwanda, ili isisemwe kwamba ni maskini wanaodai pesa. Imo Singapore, inayoheshimika kwa mabingwa wake wa sheria ya kimataifa. Afrika imetoa nchi tano, mbili kati yake zikiwa za upande wetu wa mashariki, Uganda na Msumbiji. Mjumbe wa Vanuatu kule New York akisikia pingamizi kutoka kanda yoyote, alikuwa na mwenzake wa kanda hiyo hiyo wa kumtuma.

Mwanzoni mwa Machi 2023 vimbunga viwili, Judy na Kevin, viliipiga Vanuatu ndani ya siku tatu. Tarehe 29 mwezi huo azimio 77/276 likapitishwa bila kupigiwa kura, likiwa na nchi 132 zilizotia jina kama wadhamini. Marekani haikutia jina, ikaeleza mashaka yake, lakini haikuomba kura ipigwe. Kwa mteja wa ukubwa huu hayo ni mafanikio makubwa kuliko tulivyowahi kuona katika njia hii.

Swali lenyewe

Sehemu hii ndiyo tungemshauri mtu aisome mara tatu. Mahakama hujibu ilichoulizwa, na swali likilegea jibu hulegea. Kuhusu silaha za nyuklia, Baraza Kuu liliuliza kwa ufupi sana kama kutishia au kuzitumia kunaruhusiwa katika hali yoyote. Majaji waligawanyika saba kwa saba kwenye kifungu muhimu, kura ya uamuzi ya rais wa Mahakama ikamaliza ubishi, na kilichoandikwa ni kwamba haiwezekani kusema kwa hakika kama dola iliyo hatarini kufutika inaruhusiwa au la. Kazi yote hiyo ikaishia kwenye “hatuwezi kusema”.

Swali la Vanuatu lina vipande viwili. Kipande (a) kinauliza wajibu wa dola chini ya sheria ya kimataifa wa kulinda mfumo wa tabianchi dhidi ya gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu, kwa ajili ya dola nyingine na kwa ajili ya vizazi vya sasa na vijavyo. Kipande (b) kinauliza matokeo ya kisheria kwa dola ambazo, kwa matendo yao na kwa kutotenda kwao, zimesababisha madhara makubwa. Hapo kinagawanyika tena: matokeo kwa dola zilizoumia, hasa za visiwa vidogo, kisha matokeo kwa watu na mtu mmoja mmoja.

Tazama walichofanya. Hawakuuliza kama kuna wajibu, wameuliza ni upi, na hivyo mlango wa kujibu “hakuna” ukafungwa. Neno “kutotenda” limeingiza serikali zinazokaa kimya huku kampuni zikichimba. Kutaja watu mbali na dola kumezileta haki za binadamu katikati ya kesi ambayo wengi walitaka ibaki ya mazingira na mikataba. Na kabla ya vipande hivyo, utangulizi unazitaja sheria moja moja: Mkataba wa Umoja wa Mataifa, mikataba miwili mikuu ya haki za binadamu, mkataba wa tabianchi, Mkataba wa Paris, mkataba wa sheria ya bahari, Tamko la Haki za Binadamu, wajibu wa kufanya bidii inayostahili na kanuni ya kuzuia madhara. Orodha hiyo si mapambo. Inamfunga hakimu asiseme hakuulizwa juu ya mojawapo.

Wameacha nini? Hakuna jina la nchi yoyote, hakuna kiwango cha tani, hakuna neno fidia. Kila kimoja kati ya hivyo kingevunja makubaliano. Mteja mwenye hasira angeviweka vyote vitatu akabaki na kura 60.

Foleni na karatasi

Mahakama haitozi ada. Gharama zake zinatoka kwenye bajeti ya Umoja wa Mataifa. Gharama ya mteja ni mawakili, tafsiri, safari na watu wa kusoma. Lugha za kazi ni Kiingereza na Kifaransa tu. Kwa Vanuatu hilo halikuwa tatizo, kwani zote mbili ni lugha zake rasmi pamoja na Bislama. Kwa nchi yenye lugha nyingine, tenga bajeti ya tafsiri mapema, tena tafsiri ya wanasheria.

Muda ndio unaowatesa wengi. Maelezo ya maandishi yalipangiwa Oktoba 2023, yakasogezwa hadi Januari 2024, kisha hadi Machi 2024. Majibu ya maelezo ya wengine yakasogezwa nayo hadi Agosti 2024. Kila kuahirishwa kuliombwa na washiriki, na Mahakama ikakubali. Nchi ndogo zilifaidika na nafasi hiyo kwa sababu nyingi hazikuwa zimewahi kufika The Hague, lakini mwanasheria wa serikali aliyepangiwa kazi hii kwa miezi sita aliishia kuifanya kwa karibu miaka miwili. Zilipokelewa nyaraka 91 za maelezo na 62 za majibu. Haijawahi kutokea ICJ kupata idadi hiyo katika ombi la ushauri.

Kasoro moja ya huduma ni kwamba nyaraka hizo hubaki siri hadi vikao vya wazi vinapofunguliwa. Washiriki huziona, umma hauoni. Asasi isiyo ya kiserikali haina kiti chake yenyewe: inaweza kutuma andiko kwa hiari yake, lakini haliingii kwenye jalada la kesi, linawekwa tu mahali washiriki wanapoweza kulisoma. Njia iliyofanya kazi kwa vijana wa Pasifiki ni kuingia ndani ya ujumbe wa serikali. Anayefikiria kutumia huduma hii kwa niaba ya jamii fulani akubaliane na serikali kuhusu jambo hilo mwanzoni kabisa, si wiki ya mwisho.

Vikao vilifanyika tarehe 2 hadi 13 Desemba 2024. Nchi 96 na mashirika 11 yalizungumza, kila mmoja akiwa na kama nusu saa. Vanuatu ilifungua, ikiongozwa na Ralph Regenvanu, mjumbe wake maalumu wa tabianchi, na mwanasheria mkuu Arnold Loughman. Kenya ilizungumza, na Umoja wa Afrika pia. Kabla ya vikao majaji walikutana na wanasayansi wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, na kwa hilo tunawapa alama: sayansi haikubishaniwa sana ukumbini. Ubishi ulikuwa wa sheria. Marekani, Uingereza, Australia, Saudi Arabia na wengine wakubwa walisema kwa namna mbalimbali kwamba mikataba ya tabianchi inajitosheleza, na sheria nyingine zisichanganywe nayo. Mwishoni majaji wanne waliuliza maswali yao, na washiriki wakapewa siku chache tu kujibu kwa maandishi. Hapo wajumbe wadogo waliokwisha kupanda ndege kurudi nyumbani walibanwa. Acheni mtu mmoja The Hague wiki ya ziada.

Walichokabidhiwa

Andiko lina aya 457. Rais wa Mahakama, Iwasawa Yuji wa Japani, alisoma muhtasari kwa muda wa saa mbili hivi. Makamu wake ni Julia Sebutinde wa Uganda. Kauli moja ni adimu: Mahakama yenyewe ilisema ilikuwa mara ya tano tu katika historia yake ya karibu miaka 80.

Hoja ya wakubwa ilikataliwa. Mikataba ya tabianchi haizifuti sheria nyingine. Zinafanya kazi pamoja. Wajibu wa kutosababisha madhara makubwa kwa wengine ni sheria ya desturi, yaani mazoea ya dola yanayokubalika kama sheria, na inazibana hata nchi zisizo kwenye Mkataba wa Paris. Mipango ya kitaifa ya kupunguza gesi joto si hiari ya serikali kuandika ipendavyo: lazima ionyeshe jitihada za juu kabisa inazoziweza, na lengo ni joto la dunia lisiongezeke zaidi ya nyuzijoto 1.5. Aya ya 427 ndiyo iliyowashtua watu wa mafuta. Inasema kuzalisha na kutumia nishati ya visukuku, kutoa leseni za utafutaji au kuipa ruzuku kunaweza kuwa kosa la kimataifa la dola endapo haikuchukua hatua zinazostahili. Soma neno “kunaweza” kwa makini kabla ya kushangilia. Nchi za pwani yetu zenye leseni za gesi na bomba la mafuta zinapaswa kuisoma kwa makini zaidi.

Kuhusu haki za binadamu, Mahakama imesema dola zina wajibu wa kulinda tabianchi ili haki za binadamu ziweze kufurahiwa kweli, na kwamba mazingira safi, yenye afya na endelevu ni haki inayobebwa ndani ya haki nyingine (aya ya 393). Msingi wa maneno hayo uliwekwa na visiwa vingine. Maldivi ilisukuma azimio la kwanza la Baraza la Haki za Binadamu kuhusu tabianchi, 7/23, Machi 2008, ikawa miongoni mwa waandishi wa azimio 48/13 la Oktoba 2021 lililoitambua haki ya mazingira safi. Mwezi huo huo Visiwa vya Marshall vilikuwa mstari wa mbele kuunda nafasi ya mtaalamu maalumu wa haki za binadamu na tabianchi, na wa kwanza kuishika alikuwa Ian Fry wa Tuvalu. Baraza Kuu likaitambua haki hiyo Julai 2022 kwa kura 161, bila hata moja ya kupinga. Vanuatu haikuanza kujenga kutoka chini. Ilikuta ukuta uko usawa wa dirisha.

Kuna zawadi mbili ambazo hazikutangazwa sana. Nchi ambayo bahari imemeza sehemu ya ardhi yake hailazimiki kuchora upya mipaka yake ya baharini. Na dola ikishakuwa dola, kupotea kwa mojawapo ya sifa zake, tuseme ardhi, si lazima kuifute (aya ya 363). Kwa Tuvalu na Kiribati hayo ni maisha. Kwa Ushelisheli na Maldivi yana maana ya pesa taslimu, kwa sababu leseni za uvuvi wa jodari zinatoka kwenye eneo hilo la bahari.

Kasoro

Maoni hayamfungi mtu. Hilo linajulikana, na wanaolirudia kila mara kama ugunduzi wanatuchosha: sheria zilizotajwa ndani yake zinafunga, na hakimu wa nchi yoyote anaweza kuyanukuu. Kasoro tunazozilalamikia ni nyingine.

Fidia ipo kwa jina. Mahakama imekubali kwamba aliyeumizwa anastahili kurejeshewa, kulipwa au kuridhishwa, mradi aonyeshe uhusiano wa moja kwa moja na wa uhakika kati ya kosa la dola fulani na madhara yake. Haikuonyesha hesabu hiyo inafanywaje, wachafuzi wakiwa karibu 200 na gesi ikiwa imechanganyika angani. Imesema inawezekana, ikaishia hapo. Wakili wa Vanuatu akitaka bilioni moja ya kurudisha barabara za kisiwa chake cha Tanna bado anaanza na karatasi nyeupe. Pia sehemu ya haki ya watu kujiamulia mambo yao ni nyembamba kuliko wahusika wa Pasifiki walivyoomba.

Halafu kuna yanayofuata baada ya kukabidhiwa. Mahakama haina idara ya kufuatilia. Regenvanu alisema siku ile ile kwamba nchi yake itarudi Baraza Kuu kutafuta azimio la utekelezaji, na hiyo ni kampeni nyingine ya kura, na wajumbe wale wale wachache.

Uzoefu wa Mauritius unaonyesha urefu wa njia hiyo. Ilipeleka Mahakamani mkanda wa video wa Liseby Elysé, mzaliwa wa Chagos, akieleza kwa Krioli walivyopakiwa melini na kuondolewa kisiwani. Hatujui ushahidi mwingine uliowagusa watu vile katika ukumbi ule. Tarehe 25 Februari 2019 majaji 13 dhidi ya mmoja walisema Uingereza iache utawala wake huko haraka iwezekanavyo. Mei mwaka huo Baraza Kuu likaipa miezi sita, kwa kura 116 dhidi ya 6. Miezi sita ikapita kimya. Mkataba wa kurudisha visiwa ulitiwa saini tarehe 22 Mei 2025, ukiiachia Uingereza kambi ya kijeshi ya Diego Garcia kwa kukodishwa miaka 99, na Wachagosi wengi wakalalamika kwamba waliozungumza ni serikali mbili, wao wakiwa nje ya mlango. Maoni yalifanya kazi. Yalichukua miaka sita, na waliolia kwenye video hawakuwa mezani.

Milango mingine

ICJ siyo pekee, na kwa baadhi ya maswali si bora. Antigua na Barbuda pamoja na Tuvalu zilitia saini mkataba mfupi tarehe 31 Oktoba 2021 wa kuunda tume ya visiwa vidogo, COSIS. Mkataba huo ukaipa tume ruhusa ya kuomba ushauri wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, ITLOS, mjini Hamburg, ambayo kanuni zake zinaruhusu njia hiyo. Hakuna Baraza Kuu, hakuna kura 94. Ombi liliingia Desemba 2022, jibu likatoka tarehe 21 Mei 2024: gesi joto ni uchafuzi wa bahari, na dola zina wajibu wa kuuzuia. Miezi 17, wakati ICJ ilichukua karibu 28. Swali likiwa la bahari tu, tungeenda Hamburg. Uanachama wa COSIS uko wazi kwa wanachama wa AOSIS, umoja wa mataifa madogo ya visiwa, ambao ndani yake zimo Komoro, Ushelisheli na Mauritius. Unguja na Pemba, pamoja na kuwa visiwa vinavyoliwa na bahari kama hivyo vingine, havina kiti chao. Sauti yao inapitia Dodoma.

Kwa asasi za Afrika mlango wa karibu uko Arusha. Ibara ya 4 ya Itifaki ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu inaruhusu maoni ya ushauri yaombwe na nchi mwanachama wa Umoja wa Afrika, na Umoja wenyewe na vyombo vyake, na hata shirika la Kiafrika linalotambuliwa na Umoja. Tofauti na kesi za mtu binafsi, hapa tamko la ibara ya 34(6), la nchi kuruhusu watu na asasi waishtaki moja kwa moja, lile ambalo Tanzania ililiondoa mwaka 2019, halihitajiki. Mtego uko kwenye neno “linalotambuliwa”. Mwaka 2017 asasi moja ya Nigeria, SERAP, ilirudishwa kwa sababu ilikuwa na hadhi ya mwangalizi kwenye Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Banjul, na Mahakama ikasema kutambuliwa na Kamisheni si kutambuliwa na Umoja. Umoja wa Mawakili wa Afrika, PALU, wenye ofisi Arusha hapo hapo, una makubaliano na Umoja wa Afrika, ndiyo maana ulijibiwa Desemba 2020 kuhusu sheria za uzururaji, na Mei 2025 ukawasilisha ombi kuhusu wajibu wa dola za Afrika katika mabadiliko ya tabianchi. Asasi isiyo na makubaliano hayo isipoteze muda kuandika ombi lake. Iandike hoja, kisha iombe kuingia kama rafiki wa Mahakama, yaani msaidizi wa hoja asiye mwombaji, katika hilo lililokwisha kufunguliwa. Sharti jingine: suala lisiwe mbele ya Kamisheni wakati huo huo.

Alama zetu kwa ICJ, kama ilivyomhudumia Vanuatu: uwazi wa jibu, nne kati ya tano, kasi, mbili, upatikanaji kwa mteja mdogo, tatu, na hizo tatu zimetokana na ustadi wa mteja zaidi ya ukarimu wa nyumba. Ufuatiliaji hatuupi alama kwa sababu haupo.

Wakili atakayetaka kuyatumia maoni haya katika kesi ya nyumbani, tuseme ya leseni au ya jamii inayohamishwa na bahari, asianzie ukurasa wa kwanza. Aanze na aya ya 457, ambayo ni uamuzi wenyewe, kisha arudi 427 na 393, halafu asome maoni binafsi ya majaji yaliyoambatishwa, kwa sababu hoja ambazo andiko kuu limezipitia juu juu ziko humo. Nakala ya Kiingereza na ya Kifaransa hupatikana bila malipo kwenye tovuti ya Mahakama.